Sema Ni Wewe

Jumapili, 3 Machi

Samahani, daftari langu. Tangu nijifungue sijakugusa, na kalamu nimeikuta chini ya nepi. Sikuwa na la kuandika ila usingizi. Leo ninalo.

Nilikuwa naanua nguo. Ndani ya foronya — vitambaa vimekunjwa vizuri, vipande vya mashati ya shule anayoshona mama mkwe. Vina doa la damu lililokataa sabuni. Si vyangu. Na humu ndani wanawake ni wawili tu.

Yeye siku zake zilikoma kabla sijaolewa. Nilipohamia alinitania mwenyewe: mwanangu, mimi duka nilishafunga.

Jumanne, 5 Machi

Nimemuuliza. Mkwe kumuuliza mkwe mambo hayo! Nilisubiri cherehani inyamaze. Hakuinua macho kwenye uzi. Akasema ni ujana unarudi, nisimwonee kijicho. Nikacheka kwa sababu alitaka nicheke. Ndipo nikaona anakalia shuka jeusi lililokunjwa juu ya stuli.

Twende zahanati, nikasema. Hataki. Wale manesi ni rika la wajukuu zake, avue nguo mbele yao?

"Nenda wewe. Sema ni wewe. Ukirudi utaniambia."

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda. Nimesema ni mimi — matone, yanakuja, yanapotea. Nesi akamtazama mtoto mgongoni. Nanyonyesha? Ndiyo. Nimechomwa sindano ya uzazi wa mpango? Ndiyo. Akatabasamu. Kwa mtu kama mimi hutokea, mwili unajipanga. Nikilowesha pedi kila saa, au nikisikia kizunguzungu, nirudi mbio.

Nimemfikishia mama mkwe neno kwa neno.

"Si nilikwambia?"

Ameshona mpaka jioni akiimba. Jibu lilikatwa kwa vipimo vyangu, kalivaa yeye.

Jumatano, 13 Machi

Vitambaa kwenye kamba vimeongezeka. Nimerudi zahanati, nikasema kweli: mgonjwa si mimi, ni mama wa mume wangu, na hedhi ilimkoma miaka mingi iliyopita.

Tabasamu la nesi likaisha. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akavuta kiti. Mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja si kawaida. Hata kama hasikii maumivu. Huenda ni jambo dogo — uke umekuwa mkavu, au kuna kinyama kisicho na madhara. Huenda ni saratani. Kwa kusimuliwa hawezi kujua. Apimwe, na mapema.

Nimefika nyumbani, nikavua mkanda wa cherehani, nikautia mfukoni.

"Mama, kesho tunakwenda. Wewe, si mimi."

"Mtoto jeuri wewe."

"Sawa, jeuri. Lakini mtoto."

Akanyoosha mkono nimpe mkanda. Sikumpa. Nikamwambia nataka mwanangu amjue bibi yake kwa sura, si kwa kusimuliwa. Akakaa na mkono wake vile vile, wazi. Baadaye akauliza:

"Utaingia na mimi?"

Jumatatu, 18 Machi

Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Zahanati walitupa rufaa. Hapa wamechukua kipande cha nyama ndani ya kizazi wakapime. Majibu bado. Jana damu ilizidi, wakamlaza. Mtoto ananyonya huku naandika.

Mume wangu anajua mama anaumwa tumbo, basi. Ndivyo mama alivyotaka. Sasa hivi kapiga simu, anauliza alete nini. Nikaanza kumtajia. Nilipofika kwenye pedi akasita.

"Za kwako?"

Nikamtazama mama. Alikuwa amegeukia ukuta, nilidhani kasinzia.

"Mwambie ni zangu," akasema.

Nikamwambia. Nikamwambia na kwa nini, yote, hata lile neno la nesi. Akasema, taratibu, endelea, naandika.

Nami naandika hapa nisije nikasahau:

Pedi kubwa, pakiti mbili.

Gauni la mama lenye vifungo mbele.

Shuka jeusi lililo juu ya stuli.

Nepi za mtoto, na kile kikofia.

Miwani ya mama, na shati lile lililobaki kutiwa vifungo — anasema hawezi kukaa mikono mitupu.

Na yeye mwenyewe. Aingie mpaka kitandani. Asiachie vitu mlangoni.