Mstari Unaofika Kwako

Baba Swabra,

Hapa Masese tunaamka salama, ila kikohozi cha mtoto hakijaisha. Mguu wa Mama unaendeleaje? Nawe huko kazini gerezani, zamu zimepungua au bado wanawachosha?

Barua hii nampa mama muuza vitenge anayekuja Mbale. Simu siiamini tena.

Unakumbuka uliniuliza kule Wanyange nilifuata nini? Safari ile aliijua jirani yangu tu, Mama Hadija. Nikasema basi, ndiye anayekupelekea habari. Nikaacha kumsalimu. Huku mvua ikija, aliye karibu anafunika dagaa wa wote walioanikwa. Mimi nikamwambia dagaa wangu asiwaguse. Siku ile niko kliniki na mtoto, mvua ikashuka. Akafunika wake, wangu akawaangalia wakilowa. Walioza wote. Nilimkataza mwenyewe, nimlaumu kwa lipi?

Juzi kwenye kikundi chetu cha akina mama akaja binti anayefundisha mambo ya simu. Hata yeye nilimshuku, nikamwuliza nani kamtuma. Akacheka tu, akaniwekea kitu kinachochora simu yangu kama nyumba. Kila programu ni mlango, na kila inachokichukua ni mstari unaotoka nje. Tochi, Baba Swabra, tochi tu, inabeba majina ya watu wangu wote! Lakini mstari mnene ulitoka kwenye ile uliyoniwekea siku naondoka huko, ukasema ni ya kutafuta simu ikiibiwa. Ukaniambia bonyeza ndiyo, nikabonyeza. Binti akaugusa, ikaja ramani ya madoa mekundu: mwaloni ninakoanika dagaa, kliniki, Wanyange. Mwisho wa mstari, jina lako.

Mama Hadija alikuwa nyuma yangu. Akasema polepole, "Kumbe simu ndiyo iliyosema, nikanuniwa mimi."

Sikuwa na pa kuweka uso.

Wanyange nilikwenda kwa shangazi anishikie mtoto, nilale. Nililala mpaka adhuhuri. Siri yangu yote ndiyo hiyo, afande.

Mstari nimeukata. Nakupenda, na nguo zako za baridi nimezituma pamoja na barua. Lakini mimi si mfungwa wa kuhesabiwa asubuhi na jioni. Na kama kuna mlango mwingine ulioufungua, niambie kabla sijauona mwenyewe.

Nisalimie Mama, na dada yako anayemkanda mguu. Mwambie aiangalie tochi yake.

Leo mawingu yametanda. Nakwenda kufunika dagaa wa Mama Hadija, nikimkuta nimwombe radhi. Ukitaka kujua niko wapi, niulize. Nitakujibu.

Mkeo,
Mama Swabra