Jiko la Gesi Ukweni

Jumanne, 8 Julai 2025

Shemeji Ackson amelileta jiko la gesi kutoka stendi, limefungwa kamba kwenye bodaboda kama mbuzi. La kuchomea kuku! Ipyana amelinunua huko Dar kwa ajili ya sendofu ya mdogo wake Agness, Jumamosi. Kwenye simu anacheka tu — si ulikuwa unachoma kuku hotelini Mbeya, mke wangu, basi wageni wale vya mjini. Sawa, baba. Mahali pa kuliweka je, umenunua?

Maana najua linavyotaka. Nje, peupe, mbali na ukuta, pasiwe na paa juu wala majani makavu chini. Hapa Kawetele, nyumbani kwa wakwe zangu, mahali pa namna hiyo ni pale tu: uwanja wa mbele. Na uwanja wa mbele ndipo anapokaa yeye.

Yeye, baba mkwe. Hata humu jina lake siliandiki. Wengi mambo ya ukutila, mkwe na mkamwana kukwepana, wameshaacha, huko Tukuyu mjini wakwe na wakamwana wanakula meza moja. Huyu wangu hapana. Tangu niolewe hajanitazama usoni, hajanisemesha, wala mimi sijamsemesha. Akitokea huku, mimi napotelea migombani. Nilidhani nimeshazoea.

Jumatano, 9 Julai

Nimemtuma mama mkwe akaniombee uwanja, siku moja tu. Amerudi anajifuta mikono kwenye kanga. Baba kasema mambo ya kupika ni nyuma. Basi.

Nyuma! Kushoto jikoni kwa mama, kuta za mianzi. Kulia banda la ng'ombe. Katikati kichochoro, mabati yanakaribia kugusana. Nikamwambia mama, hapa tutaungua.

"Gwe mama Lugano, miaka yote napika humu kwa kuni, mbona sijaungua? Hiyo gesi yako ina nini?"

Nikamweleza mpira wa mtungi unavyoweza kuvuja. Akafikiri. Akasema basi tuliingize ndani kabisa, karibu na mafiga, mtungi usipate baridi. Mungu wangu!

Ijumaa, 11 Julai

Nimefagia majani makavu ya migomba. Yameanguka mengine. Nikaliwasha jiko pale kichochoroni kulijaribu — moto ukapanda, ukalamba ukingo wa bati, mianzi ikaanza kufuka. Nimezima haraka.

Nimempigia Ipyana nikilia. Ongea na baba yako wewe mwenyewe! Akasema ataongea. Baadaye meseji: mzee ni mzee, vumilia mke wangu, ni siku moja.

Moto haujui kama ni siku moja. Nimewaza kugoma. Lakini wifi kanikumbatia asubuhi, kaniambia ukoo mzima wa mchumba wake unasubiri hao kuku. Nikigoma, nitakuwa yule mke aliyeharibu sendofu. Sijala tangu jana.

Jumamosi, 12 Julai, alasiri

Tuko hai. Niandike hilo kwanza.

Asubuhi ukungu, halafu mvua. Shemeji Ackson akaona ninavyolowa na mwanangu Lugano mgongoni. Akafunga turubai juu ya kichochoro, bati hadi bati. Nikamkataza — moto huu hautaki paa! Akasema kuku watalowa, shemeji. Akakimbilia kuchukua soda za wageni; kuku wako motoni tayari, nikaendelea kuwageuza.

Mvua ikawafukuza na wazee. Uwanja ukabaki mtupu, huo nilionyimwa! Wakabeba viti, wakajibanza ubavuni mwa nyumba, pale pale kichochoro kinapotokea. Yeye wa kwanza, kanipa mgongo.

Nikasikia harufu. Kutazama juu — turubai linawaka. Plastiki inadondoka na moto wake, imenipata mkono wa kushoto. Koki ya mtungi niliwahi kuifunga. Moshi mweusi, Lugano analia. Nyuma yangu uzio wa ng'ombe. Mbele, mgongo wake.

Nikasimama. Moto juu, mtoto mgongoni, na mimi nimesimama kwa heshima! Sijui kwa muda gani. Lugano akanyamaza, ndipo nikashtuka. Nikapiga ukelele, si jina wala neno. Akageuka, akaniona. Akavuta koti akajifunika uso, akajibana ukutani ili nipite. Hakuninyooshea hata mkono. Nikapita, bega langu likamgusa.

Wanaume wameuzima moto kwa maji ya ng'ombe. Wageni wanakula wali na maharage.

Sasa nipo chumbani. Mkono umefungwa kitambaa, naandika kwa huu mzima ili nisipige mayowe. Lugano kalala pembeni yangu, kifua kinakoroma, anakohoa. Ackson kaenda kutafuta gari la hospitali. Mlango uko wazi. Yeye kasimama nje, kando ya mlango, simwoni. Anamuuliza mama: mtoto anapumua vizuri? Mama ananigeukia: mtoto anapumua vizuri? Nimemsikia vizuri tu! Namjibu mama, mama anamjibu yeye. Ndivyo tunavyokwenda.

Mama naye ametoka, kaenda barabarani kuangalia gari. Hakuna wa katikati. Lugano amekohoa tena, kikohozi kirefu. Halafu sauti yake, taratibu, na hapa hakuna mwingine wa kuambiwa:

"Mtoto vipi?"

Nimemgeuza Lugano ubavu, nimesikiliza kifua chake. Anauliza tena. Naweka kalamu, nimjibu mwenyewe.