Kitambaa cha Spika

Jumanne, 2 Juni 1981
Redio tatu mezani. Ya Mama Zipora imeingia mende tena. Ya mzee wa nyumba ya kwanza haina ugonjwa wowote, ni mawe ya betri yamekwisha, lakini mwenyewe hataki kusikia hivyo. Anataka niifungue. Haya, nitaifungua na kuifunga, aende zake ameridhika.

Jana sikukuu, na hotuba ilitoka kila mlango. Nilitembea kutoka chooni hadi bombani bila kukosa neno hata moja. Nikajivuna, kwa nini nisijivune? Nyumba kumi na mbili, redio kumi na mbili, na karibu zote zimepita mikononi mwangu. Nilipohamia hapa Makongeni kulikuwa na moja tu kwenye laini yetu ya nyumba, yangu. Saa ya habari niliiweka dirishani na watu wakatoka na vigoda. Siku hizi kila mtu ana yake na vigoda vimerudi ndani. Ni maendeleo.

Jumamosi, 6 Juni
Mpira. Redio zote juu. Lilipoingia bao, laini nzima ilipiga kelele, na ndani ya kelele hizo nikasikia nyingine. Nyumba inayofuata yangu, tunagawana ukuta. Baba Rose anampiga mkewe.

Najua mlio wa mkanda. Najua pia mlio wa kichwa kikigonga ukuta. Leo kilikuwa kichwa. Kikombe changu kilicheza kwenye msumari.

Nikaongeza sauti. Naandika kwa sababu hapa hakuna wa kusoma. Niliongeza sauti, na nikamsikia jirani wa upande ule mwingine naye anaongeza.

Jumapili, 7 Juni
Mama Rose bombani, leso imeshuka hadi kwenye nyusi. Jicho moja limefumba kabisa. Amesema amegongwa na mlango. Wanawake wakatazama ndoo zao. Mama Zipora, yule mjane wa kuuza mboga za sukuma, peke yake ndiye aliyemtazama usoni. Mama Rose alipoondoka akasema, "Mlango wa nyumba hiyo una vidole."

Baba Rose ni karani wa stoo, hapo reli. Tai kila siku, kwaya kila Jumapili. Hajawahi kumkosea mtu salamu. Katikati ya wiki hamgusi mkewe, kwa sababu katikati ya wiki laini ni kimya na mtu akipiga chafya anaombewa afya na nyumba ya nne. Anangoja Jumamosi. Anangoja mtangazaji apandishe sauti. Hilo nimelijua muda mrefu, nimelikalia tu.

Zamani, enzi za redio moja, yule mzee wa nyumba ya kwanza alimzaba mkewe kofi saa ya habari. Mama Zipora alitoka na sufuria na mwiko, akaipiga. Hiyo ilikuwa desturi ya laini: sufuria ikilia, hakuna wa kubaki ndani. Wakamtoa mzee na shati moja mkononi. Alilala stesheni ya treni siku mbili na tangu hapo hajarudia.

Leo ukipiga sufuria nani atasikia? Watadhani ni tangazo la sabuni.

Jumatano, 10 Juni
Baba Rose amekuja na redio yake kwenye gazeti. Pembe imepasuka.

"Ndugu fundi, imeanguka kutoka kabatini. Sauti imekuwa ndogo. Mimi nataka isikike."

Nikaifungua baada ya yeye kuondoka. Kitambaa cha mbele ya spika kimekauka, kigumu, rangi ya chai. Nikakikuna kwa kucha. Damu. Na kwenye ufa wa pembe, nywele, zimesukwa na uzi mweusi kama wanavyosuka wanawake wa laini hii. Nywele na kipande kidogo cha ngozi.

Nilitoka nje nikatapika karibu na karo la kufulia. Nikarudi. Nikakiosha kitambaa kwa sabuni ya mche, maji mara mbili, mpaka kikawa cheupe. Sijui kwa nini. Mikono ya fundi haikai bure. Nywele nikazifunga kwenye karatasi na kuzichoma kwenye jiko, hapo hapo ninapopashia chuma cha risasi cha kulehemu waya.

Halafu nikapata akili. Waya mmoja wa spika nimeushika kidogo sana, kwa tone dogo la risasi. Sauti ya chini itapiga vizuri. Akiipandisha, spika itatikisika na waya utaachia. Redio itakufa, kila mara. Tuone sasa atampigia mkewe ndani ya nini.

Nilicheka peke yangu. Fundi hodari.

Ijumaa, 12 Juni
Amechukua redio. Nikamwambia spika ni kama mpya, asiifungulie sana leo. Akanishukuru. Akasema Mungu anibariki.

Jumamosi, 13 Juni
Mimi ni mpumbavu.

Kipindi cha pili kilikuwa hakijafika mbali. Alipandisha sauti, redio ikakata. Nilisikia akikizungusha kitufe huku na huku. Nikasikia, "Umeishika redio yangu?" Hakuniuliza mimi. Alimwuliza mkewe.

Mama Rose akasema hajaishika. Akasema tena. Kisha hakusema maneno, ilikuwa sauti tu.

Mimi niliua redio moja. Za wengine kumi zilikuwa hai, zote juu, na hakuhitaji zaidi ya hizo. Alimpiga kwa kitu cha chuma. Nadhani ni pasi. Nilisikia mfupa. Sijui kama mtu anaweza kusikia mfupa kupitia ukuta na mpira, lakini niliusikia na bado nausikia.

Nilisimama mlangoni, mkono kwenye komeo. Nilisimama mpaka mpira ukaisha. Sikulifungua.

Jumatatu, 15 Juni
Mkono wake wa kushoto umefungwa plasta hadi begani. Hospitalini amesema ameteleza kwenye karo.

Mumewe amerudisha redio. "Ameiangusha tena, ndugu fundi. Wanawake hawajui vitu." Kucha zake safi. Nilitaka kumchoma jicho kwa chuma cha risasi, kilikuwa tayari kimewiva kwenye jiko. Nikasema, "Iache hapo."

Jioni nikaenda kwa Mama Zipora. Nikamweleza yote. Damu, kitambaa, uzi, waya. Sikujificha. Alinisikiliza huku akikata sukuma, akaweka kisu chini, akanizaba kofi. Mwanamke wa miaka sitini. Nimeona nyota.

"Unamwokoa mtu ukiwa umejificha ndani ya redio?"

Kisha akaniambia niketi nile.

Alhamisi, 18 Juni
Mpango ni wa Mama Zipora. Laini hii haina umeme, redio zote zinakula mawe. Na mawe ni ghali, kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi watu huyaanika kwenye ukingo wa karo, yapate jua, yapate nguvu ya kumaliza mechi. Laini nzima, mistari ya mawe kama samaki wa kukausha. Wanawake ndio huyaanika na wanawake ndio huyaanua.

Jumamosi hayataanuliwa.

Itabaki redio moja, yangu, dirishani kama zamani. Wanaume watakuja wenyewe, ni mechi ya watani wa jadi, watakwenda wapi? Baba Rose haketi na watu. Atasikia mpira, atasikia kelele, ataona ni Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Mimi nitakaa na kidole kwenye kitufe.

Mke wa nyumba ya kwanza aliogopa. "Mzee akikosa mpira, mimi ndiye nitakuwa mpira." Tulicheka, naye akacheka, kisha akasema sawa.

Mama Rose hajaambiwa. Mama Zipora anasema uso wake hauwezi kuficha kitu, atatuharibia. Ni kweli. Lakini ni yeye chambo, na hatujamwomba ruhusa.

Jumamosi, 20 Juni
Naandika kwa shida, mdomo umevimba.

Saa tano Mama Zipora alikusanya mawe yote ya karo kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Saa nane wanaume wakaanza kuulizana. Saa nane na nusu uani palikuwa soko. Mmoja alimshika mkewe kanga ya shingo, wenzake wakamtoa. Hapo nikaiweka yangu dirishani na kuipandisha mpaka mwisho. Makelele yakaisha. Wakaleta vigoda. Miaka sijawaona pamoja hivyo.

Bao la kwanza liliingia mapema. Nusu ya waliokuwa uani walirukaruka, nusu wakatukana. Nami nikasikia ukuta wangu. Tup. Nikangoja niwe na hakika. Tup.

Nikazima.

Walinigeukia wote, midomo wazi, tusi liko njiani. Kisha na wao wakasikia.

"Mkono! Baba Rose, mkono! Si mkono!"

Pigo. Pigo tena. La tatu halikuja. Nadhani na yeye alikisikia kile kimya. Wanaume ishirini hivi, hakuna aliyemtazama mwenzake. Walikuwa wanajua. Sote tulikuwa tunajua, ila kila mtu alikuwa na redio yake.

Mama Zipora akapiga sufuria.

Nilitangulia. Naliandika hili si kwa kujisifu, nilitangulia kwa sababu mlango wangu ndio wa karibu na kwa sababu kama ningesimama tena ningebaki pale maisha yote. Mzee wa nyumba ya kwanza alivunja komeo kwa bega. Baba Rose alikuwa katikati ya chumba, tai imenyooka, pasi mkononi. Alinipiga nayo mdomoni. Meno mawili. Nikayameza au nikayatema, sijui. Mama Rose chini ya kitanda, plasta imepasuka, damu inatoka ndani ya plasta.

Wanawake waliingia na miiko. Wakamtoa kwa tai. Nje wanaume wakampokea, na hapo jambo likatuponyoka. Hawakumpiga kama mume wa mtu. Walimpiga kama mwizi. Kila mmoja aliyeongeza sauti Jumamosi zote hizo alitaka pigo lake. Niliona kiatu cha akala, mpira wa tairi, kikishuka sikioni mwake, na kikashuka tena, na sikio likaning'inia. Niliona mzee wa watu akiinua jiwe la kuegeshea mlango. Na mimi nilimpiga teke la mbavu huku damu yangu ikimdondokea, na nikaona raha. Raha kabisa.

Mama Rose ndiye aliyepiga yowe. "Mtamuua! Mnataka kumuua baba wa Rose!" Alitambaa kwa mkono mmoja hadi mlangoni. Mama Zipora akajitupa juu ya yule mtu, akamfunika kwa mwili wake, akatutukana mama zetu wote. Jiwe likawekwa chini.

Askari wa reli walimbeba akiwa hai. Mguu umevunjika. Hakuna aliyeuliza mechi imekwisha ngapi.

Jumapili, 21 Juni
Uji baridi tu, mdomo haukubali kingine. Hakuna redio iliyopiga leo, mawe yamekufa majini. Watu wanapita dirishani kwangu wakitazama miguu yao. Raha ya jana imeondoka na imeniachia kinyaa.

Jumatano, 24 Juni
Tumeandika maelezo kituoni, nyumba kumi na moja, wote kitu kimoja. Baba Rose akitoka hospitali atakwenda kwa kaka yake. Kwaya imekuja kumchukulia nguo. Walinisalimia vizuri.

Jumamosi, 27 Juni
Mpira upo. Nyumba nyingi zimenunua mawe mapya. Hata hivyo wanne walikuja na vigoda, hawakusema lolote, wakaketi chini ya dirisha langu. Niliiweka sauti ya wastani.

Baada ya mpira Mama Rose alibisha hodi. Kesho anapanda treni kwenda kwa mama yake, ndiko Rose anakolelewa. Plasta mpya. Uvimbe wa jicho umeshuka, limebaki njano. Nikamwambia redio iko tayari, nimeushika waya vizuri sasa, hautaachia tena. Nikamweleza na ule ujinga wangu wa waya. Nilidhani atanitukana. Alikuwa ameshaambiwa na Mama Zipora.

Akaichukua kwa mkono mzima, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kitambaa cha spika, polepole.

"Fundi, mara ile ya kwanza iliporudi, niliona kitambaa ni cheupe. Nikajua umeona. Nikasema, basi, sasa kuna mtu anajua, atabisha hodi."

Nikautazama ukuta.

"Jumamosi ile nzima nilikuwa nangoja ubishe."

Akairudisha mezani, akaniambia nibaki salama, akaenda kufunga mizigo yake. Redio ameiacha. Nimetoa mawe na kuiweka chini ya kitanda. Upande wa pili wa ukuta anakunja nguo, nasikia kila kitu, hata sanduku likifungwa. Kesho nitamchukulia mizigo hadi stesheni kama atakubali.