Uji wa Bi Rukia na Maji ya Kisima Chetu

Dada Zuhura mpenzi,

Unanijua, mimi ni mtu wa kushuku. Hata samaki wa zawadi humfunua matamvua kabla ya kushukuru. Basi masika yale, macho yako yalipogeuka manjano na mimba yako ina miezi saba, nilitafuta wa kumtazama vibaya. Sikwenda mbali. Mke mwenzio, Bi Rukia, alikuwa ng'ambo ya ukuta.

Mama hakuzunguka. "Mwanangu kalishwa huyu," alisema, na Timbwani nzima ikajua ni nani aliyekulisha.

Tangu hapo uji wa Bi Rukia tuliumwaga, na chai yake pia, ingali yafuka moshi. Ukaniambia, "Nitekee maji ya kisimani, mdogo wangu. Yale ni yetu." Nikakutekea. Ukanywa, ukatapika, na mkojo wako ukakoza kama chai ya rangi.

Kisha watoto wa nyumba ya nyuma nao wakawa manjano. Hao hawakuwahi kula kwa Bi Rukia, ila walichota kisima kile kile. Mumeo na Bi Rukia, wanywaji wa chai, walikuwa wazima. Shaka yangu ikahama. Nikakitazama kisima, nikakitazama na choo cha shimo kilichofurika kwa mvua pale juu yake. Nikaenda kumuuliza mkunga wa zahanati. Alisema ni ugonjwa wa ini, huingia kwa maji machafu yasiyochemshwa. Watoto wengi huinuka, lakini mja mzito humwelemea. Nilirudi mbio, nikakuta hunitambui tena. Tulikuzika pamoja na mwanao tumboni.

Mama hakubali hata leo. Anasema mkunga naye ana lake jambo.

Sasa watu wanazungumza uhuru na bendera mpya, na bado hakuna anayetia kitu mdomoni kwa Bi Rukia. Jana nilikwenda. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanimiminia chai. Kabla sijanyosha mkono alikinyanyua kikombe changu, akapiga funda, akameza huku akinitazama.

"Nishaonja, mdogo wangu. Kunywa."

Sikuwa nimemwomba. Niliona uchungu, dada. Nikanywa mpaka chini. Laiti ungalikunywa ya kwake, mwanao angalikuwa anatembea.

Mungu akulaze pema.

Mdogo wako