Deki Mbili, Televisheni Moja

Mpendwa Bi Rachael,

Naomba msaada wako kabla ya mwisho wa mwezi, na tafadhali usicheke mpaka ufike mwisho wa barua. Mimi ni bibi harusi wa wiki sita, naishi Kileleshwa na mume wangu Zadock, na jinsi ninavyompenda huyu mwanamume sijui niandike vipi, maana hata akipiga mswaki mimi husimama mlangoni kumtazama, na hii nyumba yetu ya chumba kimoja na sebule naiona kama ikulu. Lakini kuna deki mbili humu ndani, Bi Rachael, na zinanimaliza.

Siku ya harusi Tata Ngina, shangazi yangu wa Waithaka aliyenilea, alitupa deki ya DVD, mpya kabisa, akaitangaza kwa kipaza sauti mara mbili ili upande wa bwana harusi wasikie vizuri. Mama mkwe wangu wa mtaa wa Jamhuri naye akasimama, akatupa deki ya VCD, ile ya kuimbia, yenye vipaza sauti vyake viwili, na hiyo ilikuwa yake mwenyewe, aliitoa sebuleni kwake akaifunga kwa kitambaa, akaniambia, "Nyathina, mtoto wangu, sasa nyimbo zimehamia kwako." Nililia mpaka poda yote ikaisha usoni.

Shida ni kwamba televisheni ya Zadock, ya inchi kumi na nne, aliyokuja nayo kutoka ukapera, ina matundu matatu tu nyuma, la manjano, jeupe na jekundu, kwa hivyo deki moja ikiingia nyingine lazima itoke. Nilimwuliza Zadock tuweke ipi, akanibusu kwenye paji la uso akasema, "Chagua wewe, mpenzi, nyumba ni yako," nami nikayeyuka palepale, sikuona kwamba nimetupiwa mzigo. Basi Tata alipokuja na mayai akauliza kama tunaitumia deki yake, nikasema hiyo tu, Tata, hatujui nyingine. Mama mkwe alipokuja na diski zake za kwaya akauliza vivyo hivyo, nikasema hiyo tu, Mama. Tangu hapo kazi yetu ni kubadilisha waya. Gichuru, soja wa geti letu, tumemfundisha apige mluzi mara moja akimwona Tata, mara mbili akimwona Mama, na deki isiyo na mgeni inalala chini ya kitanda.

Jumapili iliyopita Gichuru alipiga mluzi mara tatu. Tulidhani anafukuza paka. Mara tukasikia sauti mbili kwenye ngazi, wamekutana getini na wanapanda pamoja wakicheka, na Bi Rachael, Zadock alichomoa deki ya mamake chini ya kitanda akarukia nyuma ya televisheni upande huu, mimi nikarukia upande ule, kila mtu na waya zake, tukafungua mlango tukihema kama tumetoka mbio. Deki zote mbili zilikuwa mezani zimebebana. Tata akabonyeza yake, Mama akabonyeza yake. Kumbe mimi nilikuwa nimerudisha waya ya manjano ya DVD, ambayo ni ya picha, na Zadock amechomeka zile mbili za VCD, ambazo ni za sauti. Kwenye kioo ikatokea ile filamu ya mapenzi tuliyoanza asubuhi, bwana na bibi wako kitandani wanabusiana, na kutoka vinywani mwao ikatoka kwaya ya watu sitini ikiimba kuhusu safari ya mbinguni.

"Ngai! Hii kwaya ni ya wapi haina nguo?" Tata akasema.

"Sauti ni yangu," mama mkwe akajibu. "Hao watu siwajui."

Zadock alisema televisheni imeharibika. Mama mkwe akachukua mkoba wake akaniangalia. "Ciru, si uliniambia ni hiyo yangu tu?"

"Hata mimi aliniambia hivyo," Tata akaongeza, asante sana Tata.

Mama aliondoka bila chai. Sasa akipiga simu haniiti nyathina tena, anamwuliza Zadock, "Mke wako yuko?" na hilo linanikata maini. Mwisho wa mwezi familia zote mbili zinakuja kwetu kuona video ya harusi, na Jamleck, aliyetupiga picha, anataka jibu kufikia Ijumaa: DVD, diski moja, au VCD, diski tatu. Nikisema DVD, mama mkwe atajua nimemtupa, nikisema VCD, Tata atasema nimesahau aliyenilea. Zadock bado ananiambia nichague mimi. Nichague ipi?

Ciru, Kileleshwa

*

Ciru,

Pole, na hongera kwa mume anayepiga mswaki.

Nimecheka kabla ya mwisho, utanisamehe. Sasa nisikilize. Umeruka nyuma ya televisheni wiki sita, na hata siku moja hukuweka diski ya kwaya kwenye deki ya DVD uone. Deki nyingi za DVD husoma VCD pia. Ya VCD ndiyo haiwezi kusoma DVD. Ijaribu leo. Na huyo Jamleck, nani alimkataza kukutolea zote mbili?

Kwa hivyo diski si tatizo. Tatizo ni kwamba uliwadanganya wanawake wawili wanaokupenda, na ukamfanya soja wa watu kuwa mpiga mluzi wako. Tata wako amekasirika kwa sababu anapenda kushinda, na huyo atapoa. Mama mkwe wako ni habari nyingine. Alikupa deki aliyokuwa akiimbia yeye. Kwake hakuna muziki tangu mfunge ndoa, ndiyo maana anakuja kwenu na diski mkobani, na wewe umeilaza chini ya kitanda pamoja na viatu.

Fanya hivi. Ya Tata ibaki chini ya televisheni, kwa kuwa inasoma zote. Jamleck akitoa VCD, chukua nakala ya kwanza na deki ya mama, mwende Jamhuri wewe na Zadock, kabla ya hiyo siku ya wageni. Usiirudishe kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Omba msamaha kwanza, useme umesema uongo, bila hadithi ya matundu. Kisha mwombe aipe nafasi tena kwake, ili Jumapili nyinyi ndio mwende kuimba. Akikataa, mrudi nayo na ikae mezani mchana kweupe. Akikubali, ichomekeni hapohapo, aione harusi ya mwanawe kabla ya mtu mwingine yeyote, hata kabla ya Waithaka.

Na Zadock ndiye aanze kuongea. Ni mamake. Ukifika mlangoni kwa mama, mtangulize ndani, usimame nyuma yake, usimsaidie hata neno moja mpaka amalize.