Mama Hakufika Mazikoni

Jumatano. Upepo wa Julai umeamka na hasira, mtaa wetu wa Mazwi wote ni vumbi na baridi. Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Juzi tulipigiwa simu. Mama Mkubwa, dada pekee wa mama yangu, amefariki kijijini kwake upande wa Zambia. Ukisimama mpakani unayaona mabati ya nyumba yake. Zamani babu yao alikuwa na nyumba huku na shamba kule, kabla Mjerumani na Mwingereza hawajapitisha mstari wao katikati. Hakuna aliyemuuliza.

Mama alizaliwa huku, dada yake kule. Tumbo moja. Bibi alijifungulia pale alipokuwa analima mwaka huo.

Ndiyo maana mama hana kitambulisho cha taifa mpaka leo. Kila akiomba anaulizwa wazazi wake walizaliwa wapi. Anasema ukweli: kule. Fomu inarudi.

Jana asubuhi tulifika mpakani. Afisa wa zamu alikuwa mwanamke mmoja mpole.

“Shikamoo mama. Pole kwa msiba. Hati ya kusafiria unayo?”

“Sina, mwanangu. Namzika dada yangu, jioni narudi.”

“Nakuelewa, mama. Lakini bila kitambulisho siwezi kukuandikia kibali cha kuvuka.”

Mama akamsihi kwa Kimambwe. Akajibiwa kwa Kimambwe hicho hicho, kwamba haiwezekani.

Tulipotoka, dereva wa bodaboda akatuambia iko njia ya panya, inakatiza mashambani, dakika ishirini tu. Mama akaanza kujifunga kitenge vizuri.

Mimi ndiye niliyekataa.

Nilimwambia magoti yake hayataweza. Uongo. Mimi ni mwalimu wa serikali, na nilikuwa nimeshajiona nimekamatwa, barua iko mezani kwa mkuu wa shule. Niliogopa kwa ajili yangu. Wiki iliyopita tu nilikuwa nawafundisha kidato cha tatu mgawanyo wa Afrika, sababu na matokeo, kwa sauti ya kujiamini kabisa.

Tukakaa kwenye benchi la muuza chai. Upepo ulituletea nyimbo za mazishi kutoka ng’ambo. Mama aliziimba zote, polepole, mpaka zilipokoma.

“Wamemaliza,” akasema. “Turudi.”

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Leo mchana nimemwambia ukweli, kwamba si magoti, ni woga wangu. Akaendelea kupepeta ulezi wake. Nikamwambia twende tena kuomba kitambulisho, safari hii niingie naye mpaka ndani.

“Nikikipata, nikamwone nani?”

Nikasema, “Watoto wake. Sasa wamebaki na wewe.”

Akaweka ungo chini, akajipangusa mikono.

“Hiyo foleni inaanza saa ngapi?”

Saa moja asubuhi. Nimeshaomba ruhusa kazini.