Asante kwa Kunilelea Mwanangu

Tarehe 3 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linasemaje siku hizi? Mimi mzima kabisa, ila nina habari nzito. Kaa kwanza. Umekaa? Nimemshitaki Mama Povu!

Ndiyo, huyo huyo mwenye duka la dobi. Miaka miwili nimenyoosha mashuka yake ya hoteli, pasi mkononi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Miezi minne ya kwanza alinilipa. Wa tano akasema, "Nakuwekea, mwanangu, usije ukaibiwa." Nikasema asante mama. Wa sita, nakuwekea. Ikawa hivyo hivyo miezi ishirini. Juzi nikamwambia naomba akiba yangu, nimepata chumba cha kupanga, nimechoka kulala nyuma ya mashine. Akanitazama kama nimemtukana. "Akiba gani? Umekula kwangu, umelala kwangu. Tangu lini mtoto akamdai mama yake mshahara?"

Nikakunja nguo zangu, nikaenda moja kwa moja ofisi ya chama cha wafanyakazi. Huko kuna bwana mmoja mfupi, sauti yake inaamsha mtaa mzima, wenyewe wanamwita Spika. Akanipa fomu. Pale penye "kazi ya mlalamikaji" nikaandika: mpiga pasi. Mama, sijawahi kuandika maneno mawili nikajisikia mrefu hivyo! Tunaingia mbele ya hakimu tarehe 2 Machi. Niombee.

Mwanao,
kifungua mimba wako

*

Tarehe 14 Februari

Mwanangu kifungua mimba,

Marahaba, tena marahaba mara mbili. Goti linauma kila mvua ikikaribia, kwa hiyo sasa majirani wananiuliza mimi habari za hali ya hewa. Wadogo zako wazima. Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa ubishi tu.

Mshitaki! Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na wewe kazi yako ni maji. Miezi ishirini! Na mimi huku natamba kwa watu kwamba mwanangu anaweka akiba. Mbele ya hakimu simama wima, usitafune maneno, wala usivae ile blauzi ya mabega wazi.

Halafu nisisahau. Wiki iliyopita Mama Povu mwenyewe kaniandikia. Barua nzuri, na kifurushi cha mashuka mawili meupe. Anasema mmepishana kauli kidogo, na sisi kina mama tunaelewana. Nilijua ananivika kilemba cha ukoka, lakini mtu akikusalimu humnunii. Nikamjibu vizuri, nikamshukuru kwa mashuka na kwa kunilelea mwanangu. Adabu haigharimu kitu.

Mama yako

*

Tarehe 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Habari za goti utanipa baadaye. Adabu haigharimu kitu? Imetugharimu kesi!

Wakili wake alisimama, akachomoa karatasi kwenye faili. "Kielelezo cha kwanza, Mheshimiwa." Niliutambua mwandiko kabla hajafungua mdomo, zile herufi zako zenye mikia. Akasoma taratibu kama anasoma risala: "Asante sana dada yangu kwa kunilelea mwanangu. Umekuwa mama kwake." Akasema mteja wake hakuajiri mtu, alilea mtoto, na mtoto akisaidia kazi nyumbani hiyo si ajira. Akaongeza na vikaratasi nilivyokuwa namwachia Mama Povu kaunta. Vyote vinaanza, "Shikamoo mama." Spika alishika kichwa.

Nikataka kusema kwamba kila mwanamke mkubwa namwita mama, na kwamba wewe ndiye uliyenifundisha! Lakini nililia, na nikilia unajua hakitoki kitu cha maana. Kibaya zaidi, kuna ukweli ndani yake. Nilipougua homa mwaka jana aliniuguza siku tatu, akanilisha kwa kijiko. Sasa hakimu atanielewa vipi, wakati mimi mwenyewe najichanganya?

Kesi imeahirishwa hadi tarehe 6 Aprili. Nakuomba, mtu yeyote akikuandikia, hata akikuuliza saa ngapi, usimjibu.

Mwanao

*

Tarehe 22 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Wiki tatu kimya! Nilisema usimjibu mtu yeyote, sikusema na mimi nimo. Kama nimekukera, nisamehe. Ile barua niliiandika na hasira zangu zote, sikuisoma mara ya pili.

Mama Povu ameleta ujumbe kupitia kwa Spika: nikifuta kesi atanipa mshahara wa miezi miwili, na chumba changu cha nyuma ya mashine kipo. Mama, nimeishiwa. Nalala kwa shoga yangu, kitanda kimoja, mzungu wa nne, na vidole vyake vya miguu ndiyo kitu cha kwanza ninachokiona asubuhi. Miezi miwili ni kitu. Spika anasema uamuzi ni wangu. Nijibu haraka kabla sijalegea.

Mwanao

*

Tarehe 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sikununa. Nilikuwa natafuta mnunuzi wa mbuzi, nauli haianguki kutoka juu.

Ulimi uliponza kichwa, na mimi kalamu imeniponza. Lakini kalamu haijui kujitetea, aliyeishika ndiye apande kizimbani. Hiyo miezi miwili kataa. Mwambie Spika aniandikishe shahidi. Yale mashuka namrudishia, nimeyafua na kuyapiga pasi, asije akasema nimeyachafua. Nafika tarehe 5. Huyo shoga yako asogee, tutakuwa watatu.

Mama yako, yule aliyekuzaa

*

Tarehe 12 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Habari za tangu tuagane? Nimefika salama, goti limevimba, lakini mdomo mzima kabisa. Tangu nishuke sijapumzika, kila jirani anataka kusimuliwa. Nakuandikia jinsi ninavyoisimulia huku, ili ukija usinisute mbele za watu.

Nasema hivi. Nimeingia, hakimu akaniambia, "Karibu mama." Nikasita mlangoni. "Keti hapo, mama." Nikaketi. "Usiogope, mama." Nikaapa. Yule wakili, tai shingoni, akanionyesha barua. "Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ni mimi. Hata nukta ni zangu."

"Uliandika kwamba amemlea mwanao?"

"Niliandika."

"Na kwamba amekuwa mama kwake?"

"Niliandika."

Akatabasamu, akajua kanimaliza. Hapo nikamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, tangu niingie umeniita mama mara tatu, nami nimefurahi. Basi kesho njoo unifulie nguo bure, mwanangu!"

Hapa watu wote huku wanaanguka kwa kicheko. Najua, najua, usinikosoe: nilisema, "Mheshimiwa, kwani utakuja kunifulia?" na sauti ilikuwa inatetemeka. Lakini hivi ndivyo inavyonoga. Karani kuficha uso kwenye faili ni kweli tupu, na hakimu kuuma midomo ni kweli, Spika ni shahidi.

Lakini mimi niliwachekesha tu. Aliyetusaidia ni Mama Povu mwenyewe. Hakimu alipomwita, hakumuuliza habari za pasi wala barua. Alimuuliza kwa upole, kama watu wanaofahamiana njiani, "Na wewe mama, una watoto wangapi?"

"Wawili, Mheshimiwa," akajibu haraka, na kifua mbele. "Wote wako chuo."

Wakili wake akafumba macho.

"Wawili," hakimu akaandika. "Nao hupiga pasi dukani?"

"Hapana, wao wanasoma."

Mwanangu, pale nilitamani kupiga kigelegele, nikakumbuka nipo mbele ya sheria. Ila nikwambie jambo ambalo majirani siwaambii. Alipogundua alichosema, alikutazama wewe, na uso ukamsawijika. Sidhani alikuwa anadanganya siku zote alipokuita mwanangu. Alikuwa analiamini neno hilo mpaka pale lilipotaka kumgharimu.

Hukumu ikitoka niandikie siku hiyo hiyo.

Mama yako

*

Tarehe 21 Mei

Mama! Mama! Mama!

Shikamoo. TUMESHINDA!

Miezi ishirini yote, na gharama juu. Hakimu alisoma hukumu wiki iliyopita (nisamehe sikuandika siku hiyo hiyo, nilitaka kwanza nizishike pesa), nusu saa nzima, mimi nimeshika mkono wa Spika mpaka akalalamika. Alisema inawezekana kabisa Mama Povu alinipenda, wala sheria haimkatazi mtu kumpenda mfanyakazi wake, ila mapenzi yake hayapunguzi deni hata senti. Halafu akasema, "Mlalamikaji alikuwa mfanyakazi." Basi. Maneno matatu. Spika akasahau kwamba tupo mahakamani, akapiga kelele ya "Haki!" hadi askari wa mlangoni akaingia. Nje alinibeba, mfupi vile, akanizungusha, viatu vyangu vikaruka barabarani. Mpita njia mmoja akadhani tunaoana!

Leo nimekwenda kuchukua pesa kwa karani. Sikujua kama Mama Povu angekuja mwenyewe. Amekuja peke yake, bila wakili, kakonda. Nikamwamkia, kwa sababu umenilea hivyo. "Shikamoo." Akaitika. Karani akaweka bahasha mezani, yeye akaisukuma upande wangu kwa kidole kimoja.

"Haya," akasema. "Umepata ulichotaka. Lakini kuanzia leo, hapa mjini huna mama."

Nilikuja na furaha tangu asubuhi, nimeimba njia nzima. Lakini hapo nilimkumbuka na kile kijiko. Nikamtazama vizuri, sikutaka kumjibu vibaya, na jibu likatoka bila hata kulitafuta.

"Mama ninaye," nikamwambia. "Nilichokuwa sina ni mshahara."

Nikasaini kitabu cha karani, nikatoka.

Mwanao